Kulinganisha wastani mbili kwa testi ya t: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoandika memwari Bukavu

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi wa kilimo, afya, uchumi na ualimu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huyarudia kila mwaka, hasa siku ya kutetea memwari (andiko la kumaliza masomo) mbele ya juri inapokaribia. Namba za mifano zimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Usizinukuu kama matokeo ya utafiti. Desimali zimeandikwa kwa mkato, kama tulivyozoea shuleni.

## Misingi

1. Testi hii inajibu swali gani hasa?

Swali moja tu: je, tofauti niliyoiona kati ya wastani mbili ingeweza kuletwa na bahati peke yake?

Tuseme umepanda maharagwe Kabare, karibu na Bukavu, vipande 8 ukavitia samadi, vipande 8 ukaviacha bila kitu. Vya samadi vimetoa kilo 14,5 kwa wastani, vingine kilo 12. Sasa, vipande vya shamba havilingani hata siku moja. Hiki kina udongo mzito, kile kiko mteremkoni, kingine kuku wa jirani wamekipitia. Hata kama samadi isingesaidia chochote, wastani mbili zisingetoka sawasawa. Testi inapima kama pengo la kilo 2,5 linazidi mapengo ambayo utofauti huo wa kawaida huyazaa wenyewe.

Haikuambii kama samadi inamlipa mkulima, kama anaweza kuipata, wala kama ulipima vizuri. Hayo unayajibu wewe, na mara nyingi ndiyo juri inayoyauliza.

2. Kwa nini nisitazame tu wastani ipi ni kubwa?

Kwa sababu wastani huficha mtawanyiko. Kilo 14,5 na kilo 12 zina maana moja ikiwa vipande vya kila kikundi vinakaribiana, na maana nyingine kabisa ikiwa kimoja kilitoa kilo 4 na kingine kilo 25.

Thamani ya t inaunganisha vitu vitatu: ukubwa wa pengo, mtawanyiko ndani ya kila kikundi, na idadi ya vipimo. Pengo likiwa kubwa, t inapanda. Mtawanyiko ukiwa mkubwa, t inashuka. Vipimo vikiwa vingi, t inapanda. Ukishika hilo, fomula iliyo kwenye swali la 14 haitakutisha.

3. Kwa nini tunaanza na dhana sifuri, wakati hatuiamini?

Dhana sifuri inasema kwamba, tukitazama mashamba yote na si vipande hivi 16 tu, wastani mbili ni sawa. Tunaanza nayo kwa sababu ndiyo inayohesabika. "Samadi inasaidia" haisemi inasaidia kwa kilo ngapi, kwa hiyo haiwezi kututabiria chochote. "Hakuna tofauti" inasema wazi: pengo ni sifuri, na kutokana na hapo tunaweza kuhesabu mapengo ya bahati yangekuwa makubwa kiasi gani.

Mwishoni unaandika moja kati ya mawili: umeikataa dhana sifuri, au hujapata ushahidi wa kutosha kuikataa. Usiandike kwamba umethibitisha hakuna tofauti. Swali la 18 linaeleza kwa nini.

4. Student ni nani?

Testi ya t huitwa pia testi ya Student, na hilo ni jina la uandishi la William Sealy Gosset, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Kiwanda hakikuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao, kwa hiyo makala yake ya mwaka 1908 katika jarida la Biometrika ilitoka kwa jina la Student. Kabla yake, mahesabu ya aina hii yalitegemea sampuli kubwa. Yeye alikuwa na vipimo vichache, akatafuta njia inayofaa kwa vipimo vichache. Ronald Fisher, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ndiye aliyeipa testi umbo tunalolitumia na kuieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1925.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenye vipande 8 Kabare asione aibu kutumia testi hii. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa hali yake.

5. Kizingiti cha 0,05 kimetoka wapi?

Kizingiti ni mpaka wa p, yaani uwezekano wa kupata pengo kubwa kama lako au zaidi kama dhana sifuri ni kweli: p ikishuka chini yake, unaikataa dhana hiyo. Kimetoka kwa Fisher, mwaka 1925: aliona mara moja kwa ishirini ni mpaka unaofaa kwa kazi. Hakuna sheria ya maumbile inayoulazimisha. Unaweza kuchukua 0,01 ukiwa na sababu, ila lazima uchague kabla ya kuona matokeo na ukiandike kwenye sura ya mbinu.

## Kabla ya kwenda shambani

6. Nahitaji vipimo vingapi katika kila kikundi?

Inategemea tofauti ndogo kabisa ambayo ungependa isikupite. Ipo hesabu rahisi. Chukua tofauti hiyo, igawanye kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko, ule mnaouita ekatipi darasani), jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha gawanya 16 kwa hilo jibu. Unapata idadi ya kila kikundi, kwa kizingiti cha 0,05 na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti kama ipo kweli.

Mkengeuko ukiwa kilo 2 na unatafuta tofauti ya kilo 1, uwiano ni 0,5. Ukizidishwa kwa wenyewe ni 0,25. 16 kugawanya kwa 0,25 ni 64. Unahitaji vipande 64 kila upande. Ukitafuta tofauti ya kilo 2, vipande 16 au 17 vinatosha. Tofauti ikipungua kwa nusu, kazi inaongezeka mara nne, na hapo ndipo bajeti ya mwanafunzi inapokwama.

Mkengeuko unaupata wapi kabla ya kupima? Kwenye memwari za waliokutangulia, maktabani. Tafuta waliopima zao lilelile kwenye udongo unaofanana na wako.

7. Nina shamba moja la samadi na moja lisilo na samadi, na nimepima mimea 30 katika kila moja. Nina vipimo 60, sivyo?

Hapana. Una viwili.

Swali hili nalijibu kirefu kwa sababu limeangusha memwari nyingi nzuri, na likishatokea, hakuna programu inayoweza kulirekebisha. Testi inadai kila kipimo kiwe kimepata bahati yake peke yake. Mimea 30 ya shamba moja inakula udongo uleule, inapata mvua ileile, inapaliliwa na mkono uleule. Kama shamba la samadi liko bondeni na lile jingine liko juu ambako udongo umeshachoka, mimea yote 30 inabeba tofauti hiyo pamoja. Kumuuliza mtu mmoja mara thelathini si kuwauliza watu thelathini. Kompyuta haijui hilo: itakupa p ndogo sana, nawe utaamini ni samadi kumbe ni bonde.

Kanuni: hesabu vitu vilivyopewa tiba (yaani kile unachokijaribu, kama samadi), usihesabu vitu vilivyopimwa. Kama samadi imetiwa kwa kipande, kipimo ni kipande. Mimea 30 ya ndani unaifanyia wastani mmoja. Kama mbinu mpya ya kufundisha imepewa darasa zima, kipimo ni darasa, hata kama wanafunzi ni 50. Mtu aliyepima urefu wa sambaza (samaki wadogo) 200 kutoka mtumbwi mmoja wa Idjwi na 200 kutoka mtumbwi mmoja wa Kalehe amelinganisha mitumbwi miwili. Hajalinganisha sehemu mbili za ziwa Kivu.

Ukiwa bado hujaanza, dawa ni nyepesi: punguza mimea ndani ya kila shamba, ongeza mashamba. Mashamba 10 yenye mimea 6 yanakupa habari nyingi kuliko mashamba 2 yenye mimea 30, na kazi ya kupima ni ileile. Ukiwa umeshamaliza, andika ukweli: eleza data zako kwa wastani na michoro, sema kwamba ni mashamba mawili, usiweke p.

8. Nani apate samadi na nani asipate? Naweza kuchagua mwenyewe?

Piga kura. Andika namba za vipande kwenye vikaratasi, vichanganye, vichomoe. Ukichagua mwenyewe, hata kwa nia njema, utatia samadi pale panapofikika kwa urahisi au kwa mkulima anayejituma, na tofauti utakayoiona itakuwa ya njia au ya mkulima.

Kwenye milima yetu ongeza jambo moja. Udongo wa chini ya mteremko na wa juu hautoi sawa, kwa hiyo gawa mteremko kwa tabaka, na ndani ya kila tabaka weka kipande cha samadi na kisicho na samadi, ukiamua kwa kura kipi ni kipi. Hapo umepata jozi, na faida yake iko kwenye swali la 10.

## Kuchagua testi

9. Testi ya Student au ya Welch?

Welch. Ile ya Student inadai mtawanyiko wa vikundi viwili ulingane. Ile ya B. L. Welch, ya mwaka 1947, haidai. Mitawanyiko ikilingana, zote mbili hutoa karibu jibu moja. Isipolingana, na hasa idadi za vikundi zikitofautiana, ya Student inaweza kukupoteza. Huna haja ya kutangulia na testi ya Levene, ile ya kupima kama mitawanyiko inalingana, ili uamue. Tumia Welch tangu mwanzo. Mwelekezi wako akisisitiza ya Student, mpe zote mbili kwenye jedwali moja.

10. Vikundi huru au jozi: natambuaje?

Jiulize: kipimo cha kwanza cha kikundi A kina mwenzake mmoja, anayejulikana, katika kikundi B? Mgonjwa yuleyule kabla na baada ya dawa, mkulima yuleyule kwenye vipande vyake viwili, siku ileile katika masoko mawili: hizo ni jozi. Kama ungeweza kuzichanganya namba za kikundi B bila kupoteza chochote, vikundi ni huru.

Tofauti yake si ndogo. Hizi hapa kilo za vipande vyetu. Samadi: 12, 15, 14, 17, 13, 16, 14, 15. Bila samadi: 11, 13, 10, 14, 12, 15, 11, 10. Tukizichukua kama vikundi huru, t ni 2,89 na p ni karibu 0,012. Lakini tuseme kila mkulima alikuwa na vipande viwili, na namba zimepangwa mkulima kwa mkulima. Basi tunatazama tofauti za ndani ya kila mkulima: 1, 2, 4, 3, 1, 1, 3, 5. Wastani wake ni uleule, 2,5, ila sasa t ni 4,68 na p inashuka karibu na 0,002. Anayevuna vizuri na anayevuna kidogo hawachafui tena hesabu, maana kila mmoja amelinganishwa na nafsi yake.

Kuziita jozi namba ambazo si jozi, ili p ishuke, ni kudanganya. Jozi hutengenezwa shambani.

11. Mkia mmoja au mikia miwili?

Mikia miwili, yaani kutafuta tofauti ya upande wowote, juu au chini. Mkia mmoja hutazama upande mmoja tu, na unafaa pale tu ambapo tofauti ya upande wa pili isingebadilisha uamuzi wako hata kidogo, na uwe umeandika hivyo kabla ya kupima. Kuhamia mkia mmoja baada ya kuona p ya 0,08 ni kuigawa kwa mbili bila haki.

12. Data zangu hazifuati umbo la kengele. Nimeambiwa testi ya t imekatazwa.

Haijakatazwa moja kwa moja. Kinachotakiwa kukaribia umbo hilo ni mgawanyo wa wastani, na wastani hulikaribia kadiri sampuli inavyokua. Ukiwa na vipimo 30 au 40 kila upande na mgawanyo usiopinda sana, testi inastahimili.

Testi ya Shapiro na Wilk, inayopima kama data zinafuata umbo hilo na ambayo wengi huitanguliza, inasaidia kidogo pale unapoihitaji. Ukiwa na vipimo 8 haina nguvu ya kuona tatizo. Ukiwa na 500 inalalamikia kasoro isiyo na madhara. Chora mchoro wa kila kikundi, utazame kwa macho yako. Na ufanye hivyo kikundi kwa kikundi: ukizimwaga namba zote pamoja, tofauti ya vikundi yenyewe itaonekana kama upotofu wa umbo.

Mgawanyo ukipinda vibaya na sampuli ni ndogo, tumia testi ya Mann na Whitney ya mwaka 1947, iliyojengwa juu ya wazo la Frank Wilcoxon la mwaka 1945. Inapanga namba zote kwa cheo kisha inalinganisha vyeo. Ukiitumia, usiandike "wastani ni tofauti", kwa sababu haikupima wastani. Kwa bei na mapato, soma kwanza swali la 23.

13. Nina vikundi vitatu. Nifanye testi tatu za t?

Hapana. Kila testi ina nafasi ya asilimia 5 ya kukuonyesha tofauti isiyokuwapo. Testi tatu zilizo huru zinafikisha nafasi hiyo karibu asilimia 14, na kumi zinaifikisha asilimia 40. Anza na uchanganuzi wa variansi, ule wa Fisher, unaolinganisha wastani zote kwa pamoja. Ukionyesha tofauti, fuatisha mbinu ya Tukey ili ujue ni vikundi vipi vinavyotofautiana.

## Kuhesabu

14. Nionyeshe kwa mkono, mara moja.

Chukua namba za swali la 10, kama vikundi huru. Samadi: jumla 116, wastani 14,5. Toa wastani kwa kila namba, zidisha kila jibu kwa lenyewe, jumlisha: unapata 18. Gawanya kwa 7, yaani idadi kutoa moja: variansi ni 2,57. Bila samadi: jumla 96, wastani 12, jumla ya miraba 24, variansi 3,43.

Sasa gawanya kila variansi kwa 8 na ujumlishe: 0,75. Kipeuo chake cha pili ni 0,866. Hilo ndilo kosa sanifu la tofauti, yaani kiasi ambacho pengo huyumba kwa bahati. Pengo 2,5 ukiligawanya kwa 0,866 unapata t ya 2,89.

Digrii za uhuru, namba inayokuonyesha mstari wa kusoma kwenye jedwali la t, kwa Student ni 8 na 8 kutoa 2, yaani 14. Kwa Welch hapa zinatoka 13,7. Jedwali la t, kwa digrii 14 na kizingiti cha 0,05 cha mikia miwili, linasema 2,145. Yetu imepita, tunaikataa dhana sifuri. Masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani mapengo yanayopatana na data hizi, ni 2,5 kutoa na kujumlisha 2,145 mara 0,866: kuanzia kilo 0,64 hadi kilo 4,36.

Fanya hesabu hii mara moja kwa kalamu. Baada ya hapo, juri ikiuliza namba ya kompyuta imetoka wapi, utakuwa na la kujibu.

15. Excel imenipa 0,012. Hiyo ni t au p?

Ni p. Kwenye Excel ya Kifaransa unaandika =T.TEST(A2:A9;B2:B9;2;3), na matoleo ya zamani hutumia TEST.STUDENT. Namba ya tatu ni idadi ya mikia. Ya nne ni aina: 1 kwa jozi, 2 kwa Student, 3 kwa Welch. Excel haikupi t kwa njia hii. Ihesabu kama kwenye swali la 14. Kwa mkengeuko tumia ECARTYPE.STANDARD, inayogawanya kwa idadi kutoa moja. Usitumie ECARTYPE.PEARSON, ambayo ni ya jumla yote ya watu.

16. R inasema data zangu si namba.

Ni mkato. R, ile programu ya takwimu, inangoja nukta, Excel yako imeandika 14,5, basi R imesoma neno. Fungua faili kwa read.csv2 badala ya read.csv, yenyewe inaelewa mkato wa desimali na nukta-mkato kati ya safu. Kisha t.test(kilo ~ kikundi, data = d), ambapo d ni jina ulilolipa faili hilo ndani ya R, itakupa Welch bila kuiomba, pamoja na masafa ya uhakika. R ni ya bure, na ukiishaiweka kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Anayependa kubofya badala ya kuandika achukue JASP, nayo ni ya bure.

## Kusoma matokeo

17. p ni 0,012. Kwa hiyo kuna uwezekano wa asilimia 98,8 kwamba samadi inasaidia?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloandikwa kuliko yote. p inasema: kama samadi isingekuwa na athari yoyote, pengo kubwa kama hili au zaidi lingetokea mara 12 hivi katika majaribio 1000. Ni uwezekano wa data ukichukulia dhana sifuri ni kweli. Uwezekano wa dhana yenyewe ni kitu kingine. Chama cha Watakwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi mwaka 2016 kuhusu jambo hilihili, kwa jinsi kosa lilivyoenea hata kwa watafiti wakubwa.

18. p ni 0,32. Naandika kwamba vikundi ni sawa?

Usiandike. Tazama masafa ya uhakika kwanza. Tuseme umelinganisha wanafunzi 5 wa mbinu mpya ya kufundisha na 5 wa ile ya zamani, tofauti ni alama 8 kwa 100, mkengeuko alama 12. Hapo p ni karibu 0,32, lakini masafa yanaanzia alama 9,5 chini ya sifuri hadi 25,5 juu yake. Data hizo zinakubali kwamba mbinu mpya inadhuru, haifanyi kitu, au inasaidia sana. Andika: sampuli ni ndogo mno kuamua. Ukosefu wa ushahidi kutoka kwa watu 10 haufuti alama 8.

19. p ni ndogo sana. Basi tofauti ni kubwa?

Si lazima. Kwa wanafunzi 2000 kila upande na mkengeuko uleule wa alama 12, tofauti ya alama 1 tu inatoa p ya karibu 0,008. Hakuna mzazi atakayemhamisha mtoto shule kwa alama moja.

Andika tofauti yenyewe kwa kilo, alama, faranga au siku, pamoja na masafa yake, kisha sema kama inamfaa mtu. Ukitaka kipimo kisicho na uniti, tumia d ya Cohen: pengo kugawanya kwa mkengeuko wa pamoja. Kwa maharagwe yetu ni 2,5 kwa 1,73, yaani 1,44. Viwango vya Cohen vya 0,2 (ndogo), 0,5 (ya kati) na 0,8 (kubwa) ni vya kukuongoza tu. Mkulima anaelewa kilo.

20. Niandikeje kwenye memwari?

Kwa mfano: "Vipande vya samadi vilitoa kilo 14,5 kwa wastani (mkengeuko sanifu 1,60, vipande 8) na visivyo na samadi kilo 12,0 (1,85, vipande 8). Tofauti ni kilo 2,5, masafa ya uhakika ya asilimia 95 kutoka 0,64 hadi 4,36; testi ya Welch, t = 2,89, digrii za uhuru 13,7, p = 0,012."

Andika p yenyewe. "p < 0,05" inaficha kama ilikuwa 0,049 au 0,0001. Na usiandike p = 0,000 hata kama programu ya SPSS imekuonyesha hivyo; andika p < 0,001.

## Hali ngumu

21. Kuna namba moja iko mbali na nyingine zote. Niifute?

Kwanza fungua daftari la shambani. Mara nyingi ni kosa la kuchapa. Katika data zetu, ile 15 ya mwisho ya samadi ikiandikwa 51, wastani wa samadi unaruka hadi 19 na pengo linakuwa kilo 7, karibu mara tatu ya lile la kweli. Wengi wangedhani t itapanda. Inaanguka hadi 1,5, na matokeo hayavuki tena kizingiti, kwa sababu namba hiyo moja imevuruga mtawanyiko wote.

Ikiwa daftari linasema namba ni sahihi, inabaki. Fanya hesabu pamoja nayo na bila yake, uandike zote mbili.

22. Kikundi A kimeongezeka kwa p ya 0,02, kikundi B kwa p ya 0,12. Basi tiba ya A ni bora?

Bado hujalinganisha A na B. Tuseme watoto waliokula uji wenye unga wa sambaza wameongezeka kilo 0,6 na wa uji wa kawaida kilo 0,4, kila moja ikiwa na kosa sanifu la 0,25. Cha kwanza kinavuka kizingiti, cha pili hakivuki. Lakini tofauti kati yao ni kilo 0,2 na kosa sanifu lake ni 0,35: t ni 0,57, p nayo ni karibu 0,57. Hakuna ushahidi kwamba uji mmoja unashinda mwingine. Hesabu ongezeko la kila mtoto, kisha linganisha maongezeko ya vikundi viwili kwa testi ya vikundi huru.

23. Nalinganisha bei za maharagwe soko la Kadutu na la Nyawera.

Chukua bei za siku ileile katika masoko yote mawili, ufanye testi ya jozi kwa siku. Bei hupanda na kushuka kwa msimu: wakati wa mavuno si kama mwezi wa tisa, wakati mbegu za msimu A zinaingia ardhini. Ukichukua Kadutu mwezi mmoja na Nyawera mwingine, umelinganisha miezi. Amua pia sarafu moja, faranga au dola, na uandike kiwango cha kubadilisha cha kila siku uliyopima.

Bei na mapato hupinda kuelekea juu. Zigeuze kwa logariti kabla ya testi. Jibu ukilirudisha linakuwa uwiano, kwa mfano "Nyawera ni ghali kwa asilimia kadhaa", na wafanyabiashara wenyewe huzungumza hivyo. Kumbuka pia kwamba siku zinazofuatana zinafanana: bei ya leo imebeba ya jana. Pima mara moja kwa wiki.

24. Majibu yangu ni ndiyo au hapana, au viwango 1 hadi 5.

Kwa ndiyo na hapana linganisha asilimia, kwa testi ya khi-mraba. Swali moja la viwango 1 hadi 5 lipelekwe kwa Mann na Whitney. Jumla ya maswali mengi ya namna hiyo unaweza kuichukua kama namba ya kawaida na kutumia Welch.

25. Sina data ghafi, nina wastani na mkengeuko tu kutoka memwari ya mwingine.

Ukiwa pia na idadi ya kila kikundi, inatosha kwa vikundi huru: mkengeuko ukizidishwa kwa wenyewe ndio variansi, endelea kama swali la 14. Hakikisha kwanza kilichoandikwa baada ya alama ya ± ni mkengeuko sanifu na si kosa sanifu. Kwa vipande 8 vinapishana karibu mara tatu. Kwa jozi haiwezekani, mpaka upate mkengeuko wa tofauti zenyewe.

26. Kaya nyingi nilizopima mwanzoni zimehama kwa sababu ya vita. Naweza kulinganisha waliobaki?

Unaweza, kwa tahadhari. Tatizo halimo kwenye idadi tu. Waliohama na waliobaki huenda si watu wa aina moja: wenye ndugu mjini wametoka, wasio na pa kwenda wamebaki, au kijiji kimoja kimeondoka chote. Ikiwa kikundi kimoja kimepoteza kaya nyingi kuliko kingine, wastani mbili za mwisho hazitoki tena kwa watu uliowagawa kwa kura mwanzoni.

Bado una vipimo vya kwanza vya wote. Vitumie: linganisha waliohama na waliobaki kwa vipimo hivyo, kikundi kwa kikundi, ukitazama pengo na masafa yake. Andika idadi ya waliotoka kila upande na sababu inayojulikana. Kisha fanya testi ya mwisho kwa waliobaki, na useme wazi kwamba matokeo ni ya waliobaki. Usiwajazie waliohama wastani wa kikundi chao ili idadi itimie: kila namba ya kujazia inapunguza mtawanyiko na kuishusha p, wakati hakuna aliyepimwa.